Nani Aitwe Mtu?

Msomaji mpendwa, nataka nikusimulie ugomvi mmoja mdogo, kisha nikuonyeshe chanzo chake kirefu. Jumamosi moja jioni, katika chuo cha ualimu nifundishacho, wanachuo watano walikuwa wameizunguka meza, wakicheza mchezo wa hadithi na dadu. Mmoja wao, katika hadithi ile, alikuwa mganga. Mbele yake, penye kivuko cha mto, alisimama goblini, kijitu kifupi chenye masikio marefu na upinde mkononi. Mganga akasema, "Namroga kwa uganga wangu uitwao Pumbaza Mtu." Msimamizi wa mchezo akajibu, "Uganga wako umekwenda bure. Goblini si mtu."

Mganga akafungua kitabu chake, akaonyesha kwa kidole: goblini ameandikwa katika jamii ya wanaofanana na watu, na uganga ule humpata kila aliye wa jamii hiyo. Msimamizi naye akafungua kitabu chake, akaonyesha: goblini ni wa jamii ya pepo wa misituni. Vitabu vyote viwili vilikuwa vya mchezo ule ule, na juu ya majalada yake palikuwa na jina lile lile. Sauti zikapanda, na mwisho wakanijia mimi wakiuliza, "Mwalimu, kitabu kipi ndicho cha kweli?"

Swali lao lilikuwa kubwa kuliko walivyodhani, wala sikuweza kulijibu kwa neno moja. Kulijibu yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka 50, tuone sheria hizo zilitungwa na nani, na kwa haja gani.

Kwanza yafaa uujue mchezo wenyewe. Asili yake ni michezo ya vita. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafundisha maofisa vita bila ya kumwaga damu. Palikuwa na ramani, vipande vya kusimamia vikosi, dadu za kuamua bahati, na mwamuzi wa kusikiliza amri za kila upande. Baadaye michezo ya namna hiyo ikatoka kambini ikaingia majumbani, ikawa burudani ya raia. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Jeff Perren, walitoa kanuni za vita vya zamani za mapanga na farasi, ziitwazo Chainmail, na nyuma yake wakatia nyongeza ya mambo ya hadithi: majoka, majitu na wachawi. Mwenzao, Dave Arneson wa Minnesota, alikuwa akiendesha mchezo ambamo kila mchezaji hakuamuru kikosi kizima, bali alijitia katika nafsi ya mtu mmoja tu. Gygax na Arneson wakaunganisha mawazo yao, na mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ukatoka mchezo wa Dungeons & Dragons. Ulikuwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu.

Mchezo huu huchezwa kwa maneno. Msimamizi hueleza pango, mto au mji. Kila mchezaji husema mtu wake afanya nini. Na penye shaka dadu hutupwa. Basi fikiri, mchezo wa maneno hauna budi kuwa na sheria ya maneno. Katika mpira wa miguu kila mtu auona mpira umepita mstari au haukupita. Lakini mganga asemapo, "Nampumbaza yule," hakuna jicho liwezalo kuona kama amepumbaa. Lazima kitabu kiseme ni nani awezaye kupumbazwa. Hapo ndipo lilipozaliwa swali letu: nani aitwe mtu?

Vijitabu vya 1974 vilijibu kwa njia nyepesi. Vilisema kwamba uganga ule humpata kila kiumbe aendaye kwa miguu miwili, kwa jumla wa namna ya mamalia, asiyempita sana mwanadamu kwa kimo. Wafu watembeao walitolewa. Kisha, ili kuondoa ubishi, yakatajwa majina ya baadhi ya viumbe walioingizwa, na miongoni mwao walikuwamo goblini, orki na koboldi. Kwa hiyo, msomaji, goblini wa 1974 alikuwa mtu, kwa maana ya sheria ile, bila ya shaka yoyote.

Lakini vijitabu vile vile vilikuwa na hesabu nyingine, nayo ilihusu wachezaji wenyewe. Mchezaji aliruhusiwa kuwa mwanadamu, au kibete wa milimani, au elfi wa misituni, au hobiti. Kila kundi katika haya liliitwa kwa neno ambalo Waingereza hulitumia pia kwa kuwagawa wanadamu kwa rangi na asili. Mimi nitaliita mbari. Mwanadamu aliweza kupanda madaraja ya ujuzi bila ya kikomo. Kibete aliweza kuwa askari tu, tena akifika daraja la 6 amekoma. Hobiti alikoma katika la 4. Jina la hobiti lilikuwa limetoka katika vitabu vya J. R. R. Tolkien, na wenye haki ya jina hilo walipolalamika, mchezo ulilazimika kuliacha, yule mfupi akapewa jina jingine. Kiumbe alibaki na miguu yake na kimo chake. Jina ndilo lililobadilika. Likumbuke jambo hilo, maana litarudi.

Mwaka 1978 Gygax alitoa kitabu kikubwa zaidi cha wachezaji, na sheria zikaongezeka. Humo ndimo tunamokuta ajabu ya koboldi. Jina lake limetoka Ujerumani, ambako watu wa kale walisimulia habari za kijipepo kikaacho majumbani na migodini. Wachimba migodi walipopata mawe yaliyowadhuru wala yasiyotoa fedha walitamani, walisema ni hila ya koboldi. Na ndiyo asili ya jina la kobalti, madini ambayo leo huchimbwa kwa wingi Katanga, huko Kongo. Katika mchezo, koboldi ni kiumbe mdogo wa kimo cha mtoto. Hata hivyo kitabu cha 1978 kilimpa mlinzi wa misitu nguvu zaidi ya kuwapiga viumbe wa kundi la majitu, na katika orodha ya kundi hilo, pamoja na majitu yenyewe, waliandikwa orki, goblini na koboldi! Hivyo koboldi, asiyefika kiuno cha mtu mzima, akawa jitu kwa sheria. Na katika kitabu hicho hicho, penye uganga wa Pumbaza Mtu, aliandikwa miongoni mwa watu.

Usicheke upesi, msomaji. Mwandishi hakuwa kipofu wa kutoona kimo cha koboldi. Orodha ile haikutungwa kupima urefu. Ilitungwa ili mlinzi wa misitu awe na maadui wake, na maadui hao walikuwa wale waliozoea kuvizia mipaka ya vijiji. "Jitu" hapo halikuwa na maana ya ukubwa. Lilikuwa na maana ya adui. Tazama jinsi neno moja livyoweza kuvaa maana ambayo haimo katika kamusi, na jinsi mtu asomaye neno peke yake, bila ya kuuliza kazi yake, apotevyo njia.

Kulikuwa na orodha nyingine nzito kuliko hiyo. Kwa sheria za 1978 elfi aliweza kuushinda uganga wa usingizi na wa kupumbaza mara 90 katika 100, na mwenye mzazi mmoja elfi na mmoja mwanadamu, mara 30 tu. Lakini kifo kilipokuja, mizani iligeuka. Ulikuwako uganga wa kufufua wafu, ukiwapata wanadamu, vibete, na hata huyo chotara wa elfi. Elfi kamili haukumpata. Fikiri wachezaji wamekaa na maiti mbili za rafiki zao, na mganga ana uwezo wa kufufua. Mmoja ainuka, mwingine habanduki, wala si kwa kosa lake. Ni kwa mstari mmoja wa orodha.

Kwa nini waliweka mipaka hiyo? Gygax alieleza haja yake katika kitabu cha wasimamizi cha 1979. Alitaka dunia ya mchezo iwe dunia ya wanadamu, maana ndiyo wachezaji waijuayo. Na kwa kuwa elfi aona gizani na uganga haumwezi upesi, kila mchezaji angependa kuwa elfi kama pasingekuwa na gharama. Kwa hiyo mipaka ilikuwa mizani: huyu apewe mapema, yule apewe mwishoni. Hoja hiyo ina akili ndani yake. Lakini si wote walioiridhia. Mwaka 1976 ulikuwa umetoka mchezo wa Ken St. Andre uitwao Monsters! Monsters!, ambamo wachezaji wenyewe ndio mazimwi, nao huushambulia mji wa wanadamu. Mchezo ule ulionyesha kwamba desturi ya kumweka mwanadamu katikati ni chaguo la mwandishi, si amri ya maumbile. Na mwaka 1981 toleo jepesi la Dungeons & Dragons lilikwenda upande wa pili kabisa: humo mwanadamu aliweza kuchagua kuwa askari, kuhani, mwizi au mganga, lakini elfi kazi yake ilikuwa kuwa elfi, na kibete kazi yake kuwa kibete. Asili ikawa ndiyo kazi.

Tuvuke sasa hadi mwaka 2000. Mchezo ulikuwa umenunuliwa na kampuni nyingine, Wizards of the Coast, mwaka 1997, na toleo la tatu likaandikwa upya toka msingi. Waandishi wake walichoka na orodha zinazopingana. Wakasema: kila kiumbe na awe na jamii moja iliyoandikwa waziwazi, huyu wa jamii ya majoka, yule ya wafu, yule ya vitu vilivyoundwa kwa mikono, yule ya wanaofanana na watu. Tangu hapo uganga wa Pumbaza Mtu haukuhitaji tena orodha ya majina. Ulisema tu humpata aliye wa jamii ya wanaofanana na watu. Mipaka ya madaraja ikafutwa kwa mbari zote. Chotara wa elfi naye, aliyekuwa akipimwa kwa 30 katika 100, akahesabiwa kuwa elfi mbele ya kila uganga uulizao asili.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kushangazwa na mpango huo, kwa kuwa tunao wetu katika ngeli. Maneno kiti na kifaru yafanana mwanzo wake. Lakini twasema kiti kimeanguka, na kifaru ameanguka. Umbo la neno ni moja, upatanisho ni mbalimbali, na atakayesema "kifaru kimekula majani" atasahihishwa darasani. Basi jamii ya kiumbe katika mchezo ni kama upatanisho. Haikuambii kiumbe afananaje. Yakuambia sheria zimtendeje.

Hata hivyo mpango mpya ulizaa maswali mapya. Chukua tiflingi, mtu mwenye babu wa kishetani katika nasaba yake. Kwa kuwa damu ile ilitoka nje ya dunia, kitabu cha 2000 kilimweka katika jamii ya wageni wa kutoka nje, ingawa alizaliwa mjini, akanunua mkate sokoni na kulipa kodi kama jirani zake. Pumbaza Mtu haukumpata. Ilipofika 2014, katika toleo la tano, tiflingi yule yule alikuwa amehesabiwa miongoni mwa wanaofanana na watu, na uganga ukampata. Amepoteza kinga yake. Lakini pia amekoma kuwa mgeni katika mji aliozaliwa. Sijui wewe, msomaji, ungechagua lipi.

Miaka iliyofuata ilileta mabishano makali zaidi, na safari hii yalihusu lile neno la mbari. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vimesema kwamba mbari fulani huzaliwa na nguvu zaidi, fulani na wepesi zaidi, na kwamba orki, kwa mfano, ni waovu kwa jumla yao. Wachezaji wengi waliuliza: neno lililotumiwa kuwagawa na kuwadhalilisha wanadamu wa kweli, kwa nini litumiwe mezani kusema kwamba taifa zima limezaliwa baya? Mwaka 2019 mchezo mwingine mkubwa, Pathfinder, katika toleo lake la pili uliliacha neno hilo ukachukua neno lenye maana ya nasaba. Mwezi wa Juni 2020 watengenezaji wa Dungeons & Dragons walitangaza kwamba watabadili namna ya kuwaeleza orki na wengineo. Kitabu cha Novemba mwaka huo kikamruhusu mchezaji kuhamisha nyongeza za nguvu na akili apendavyo. Desemba 2022 wakatangaza kwamba neno la mbari litaachwa, na mahali pake litumike neno la elimu ya viumbe, yaani spishi. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kilitimiza ahadi hiyo, na nyongeza zile zikatolewa katika asili ya kuzaliwa zikatiwa katika malezi na kazi aliyoifanya mtu kabla ya safari zake. Orki akaingia katika orodha ya kwanza ya wachezaji, lakini chotara wa elfi na chotara wa orki wakaondoka humo. Wako waliofurahi, na wako waliohuzunika, hasa wale waliojiona wenyewe katika yule wa wazazi wa asili mbili.

Sasa tumefika kwa goblini wetu wa kivukoni. Kitabu cha viumbe cha 2025 kiliwagawa baadhi ya viumbe kwa asili yao badala ya umbo lao. Goblini, ambaye katika masimulizi ya Ulaya alikuwa jamaa ya pepo, akatiwa katika jamii ya pepo wa misituni. Koboldi, mwenye magamba, akatiwa katika jamii ya majoka. Hivyo katika maisha yake ya vitabuni koboldi amekuwa mtu mwaka 1974, mtu na jitu pamoja mwaka 1978, mfano wa mtu mwaka 2000, na joka mwaka 2025. Na ajabu haikuishia hapo. Kitabu cha 2022 kilimruhusu mchezaji kuwa goblini, na goblini huyo kilimwandika kuwa wa jamii ya wanaofanana na watu. Basi ndugu wawili goblini wakisimama mtoni, mmoja akiwa wa mchezaji na mmoja adui, Pumbaza Mtu humpata wa kwanza, na wa pili humpita. Aliye wa kwetu ndiye mtu.

Hapo, msomaji, ndipo penye somo. Sikusema kwamba waandishi wa sheria hizi walikuwa wabaya. Wengi wao walitaka mizani, na wengine walitaka haki. Lakini kila orodha ya viumbe huandikwa na mkono, kwa haja, katika mwaka fulani. Kwa hiyo uonapo orodha iwagawayo viumbe, uiulize maswali matatu. La kwanza: maneno yenyewe yasemaje, wala si niyadhaniavyo? Maana jitu laweza kuwa na kimo cha mtoto. La pili: orodha hii iliandikwa ili ifanye kazi gani? Maana asiyejua kazi ya orodha hataielewa hata akiikariri. La tatu: aliyewekwa humu apata nini, na apoteza nini? Maana kinga na kutengwa mara nyingi hukaa katika mstari mmoja.

Wanachuo wangu niliwajibu hivi. Vitabu vyote viwili ni vya kweli, kila kimoja katika mwaka wake. Cha mganga ni cha 2014, cha msimamizi ni cha 2025. Sheria ya mezani ni ile mliyokubaliana kabla ya kuanza, nanyi hamkukubaliana, kwa hiyo kosa ni la meza nzima. Msimamizi na ashike kitabu chake tangu leo, na mganga arudishiwe uganga wake, kwa kuwa si haki mtu kuadhibiwa kwa sheria ambayo hakusomewa.

Wakaridhika, wakarudi mezani. Mganga akafikiri kidogo, akamwambia msimamizi kwamba hatumii uganga tena. Atamsalimu goblini, amwulize jina lake na sababu ya kukilinda kivuko. Msimamizi akavipekua vitabu vyote viwili kutafuta kama sheria yakataza kusemezana na pepo wa misituni. Haikukataza. Basi akaweka dadu chini, akaanza kujibu kwa sauti ya goblini.